Maswali ya Wasomaji: Oksijeni Ikipungua, Oksijeni Ikizidi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu oksijeni. Wapo wanaoiogopa, wapo wanaoitaka kwa wingi kuliko wanavyoihitaji, na wapo wanaokitazama kutwa nzima kipimo cha kidoleni, kile kifaa kinachoonyesha damu imejaa oksijeni kwa asilimia ngapi, bila kujua kinawaambia nini. Tumechagua barua sita na kuzifupisha pale zilipokuwa ndefu. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa. Yamekusudiwa kumsaidia msomaji ajue la kumwuliza daktari huyo.

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu mkubwa amelazwa kwa nimonia na amewekewa oksijeni. Baadhi ya ndugu wanasema mgonjwa akishafikia kuwekewa mtungi ndiyo basi tena, na wanashinikiza aondolewe. Yeye mwenyewe anasema hasikii kukosa pumzi hata kidogo. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba. Nawasihi msiiondoe. Ni kweli kwamba wapo wagonjwa wanaofariki wakiwa na oksijeni puani, lakini hiyo ni kwa sababu walio mahututi ndio wanaoihitaji zaidi. Kinachowaua ni ugonjwa, na mara nyingi mno ni kuchelewa kuipata oksijeni yenyewe. Katika nimonia vifuko vidogo vya hewa mapafuni hujaa majimaji na usaha, na damu inayopita kando yake hurudi moyoni bila mzigo wake wa kutosha wa oksijeni. Antibiotiki huchukua siku kadhaa kuvishinda vijidudu, na katika siku hizo oksijeni ndiyo inayoulinda ubongo, moyo na figo. Ndiyo maana imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo maana mtoto mwenye nimonia ambaye kipimo chake cha kidoleni kiko chini ya asilimia 90 huhesabiwa kuwa na ugonjwa mkali na huwekewa oksijeni bila kusubiri.

Kuhusu kutosikia kukosa pumzi, jambo hilo lisiwafariji. Sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji husukumwa zaidi na kupanda kwa kabonidayoksaidi kuliko kushuka kwa oksijeni. Mgonjwa ambaye mapafu yake bado yanatoa kabonidayoksaidi vizuri anaweza kuzungumza na kusalimia wageni huku oksijeni yake ikiwa imeshuka hadi asilimia 80. Madaktari duniani kote waliliona hilo kwa wingi wakati wa UVIKO-19. Kwa hiyo msitegemee anavyojisikia. Hesabuni pumzi zake kwa dakika moja kamili akiwa ametulia: mtu mzima anayefikisha 30 au zaidi yuko hatarini, hata kama anatabasamu.

Swali: Baba yangu alivuta sigara kwa miaka mingi na sasa ana ugonjwa sugu wa mapafu. Alipozidiwa tukampeleka hospitali, na nikakuta kipimo kinasoma asilimia 90 huku oksijeni ikitoka kwa lita 2 tu kwa dakika. Niliifungulia hadi lita 8, naye akatulia na kusinzia. Muuguzi aliporudi aliipunguza na kunikemea mbele ya watu. Je, hakuwa anamnyima mzee haki yake?

Jibu: Angeweza kukueleza kwa upole zaidi, lakini alichokifanya kilikuwa sahihi, na usingizi ule ulioudhania nafuu huenda ulikuwa dalili ya hatari.

Mtu mwenye mapafu mazima hulengwa asilimia 94 hadi 98 anapotibiwa kwa oksijeni. Mgonjwa kama baba yako, ambaye njia zake za hewa zimebana na kuharibika kwa miaka mingi, hulengwa asilimia 88 hadi 92. Mapafu yaliyoharibika hujitafutia njia ya kujiokoa: mishipa ya damu hujibana katika sehemu zisizopata hewa, ili damu ipelekwe kule ambako hewa bado inaingia vizuri. Oksijeni ikimiminwa kwa wingi, mishipa ile hufunguka tena, damu hupita mahali ambapo kabonidayoksaidi haiwezi kutolewa, na gesi hiyo huanza kulundikana. Wakati huohuo himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikijaa oksijeni huiachia kabonidayoksaidi iliyokuwa imeibeba, na msukumo wa kupumua nao huweza kupungua. Damu huwa na asidi, mgonjwa hulalamika kichwa kumuuma, mikono yake hutikisika akiinyoosha, husinzia, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa hupoteza fahamu. Haya yote hutokea huku kipimo cha kidoleni kikisoma 99, kwa sababu kipimo hicho hakioni kabonidayoksaidi kabisa.

Hatari hii imepimwa. Katika utafiti uliofanywa Tasmania, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010, wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya wagonjwa wakidhaniwa kuzidiwa na ugonjwa huu waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi, na wengine walipimiwa wabaki kati ya asilimia 88 na 92. Katika kundi la kwanza walikufa asilimia 9, katika la pili asilimia 4. Gesi ilikuwa ileile na safari ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kipimo.

Lakini usielewe kwamba oksijeni haimfai baba yako. Kwa wagonjwa wa aina yake ambao oksijeni ya damu iko chini sana hata wakiwa wazima na wametulia, kuivuta nyumbani kwa saa zisizopungua 15 kwa siku hurefusha maisha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1981 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mitano: waliopewa oksijeni walikufa 19 kati ya 42, na wasiopewa walikufa 30 kati ya 45. Ninachokuomba ni kumwuliza daktari swali moja lenye uzito, nalo ni kiwango gani anacholenga kwa mzee wako, kisha kiandikwe mahali ambapo kila anayemhudumia atakiona. Usikiguse kitufe cha mtungi. Na akiruhusiwa kwenda na mashine nyumbani, asiwepo mvutaji wa sigara karibu naye wala moto wa aina yoyote, na asipakwe mafuta mazito ya mgando puani. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini huufanya moto mdogo kuwa mkubwa kwa sekunde chache.

Swali: Tangu nijifungue miezi mitatu iliyopita nachoka upesi, nahema nikipanda ngazi, na moyo unanienda mbio. Nilinunua kipimo cha kidoleni, nacho husoma asilimia 98 kila mara. Mume wangu anasema mashine imeshathibitisha kuwa mimi ni mzima. Je, ni kweli?

Jibu: Mashine imethibitisha jambo moja tu, nalo si hilo. Fikiria mabasi yanayobeba abiria. Kipimo chako hueleza kwamba viti 98 kati ya 100 vimekaliwa, lakini hakisemi yapo mabasi mangapi barabarani. Mabasi hayo ni himoglobini, na mwanamke aliyetoka kujifungua, hasa aliyepoteza damu nyingi, anaweza kuwa na nusu ya kiasi anachostahili huku kila tone la himoglobini alilonalo likiwa limejaa.

Hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 14 katika kila mililita 100 za damu, akiwa na asilimia 98, hubeba karibu mililita 18.4. Mwenye gramu 7, akiwa na asilimia 98 ileile, hubeba mililita 9.2. Moyo hauna budi kulipa pengo hilo kwa kupiga haraka zaidi, na ndiyo maana unausikia ukienda mbio. Nenda ukapimwe wingi wa damu wiki hii, wala usisubiri kliniki ya mtoto. Ikiwa damu iko sawa, daktari auchunguze moyo wenyewe, kwa maana ipo aina ya udhaifu wa misuli ya moyo inayowapata baadhi ya wanawake katika miezi ya karibu na kujifungua, nayo huanza kwa dalili hizihizi. Ukivimba miguu, ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi au ukapata maumivu ya kifua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kuwa wengi wameandika kuhusu kifaa hiki, niongeze kidogo. Msingi wake uligunduliwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kifaa hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, kisha hulinganisha ni kiasi gani cha kila mmoja kimefyonzwa na damu inayodunda. Kwa hiyo chochote kinachozuia mwanga au mdundo hukipotosha: rangi ya kucha, hasa nyeusi na bluu, vidole vya baridi, mkono unaotikisika. Kaa kitako kwa dakika tano, pasha mkono joto, weka kifaa, na usisome mpaka tarakimu zitulie kwa nusu dakika hivi.

Lipo na jambo zito zaidi ambalo watengenezaji walipaswa kulishughulikia zamani. Kifaa hiki huelekea kuzidisha kiwango kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao kidole kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, kisha ukalinganisha na damu iliyochukuliwa kwenye mshipa wa ateri. Waliokuwa chini ya asilimia 88 kwa kipimo cha ateri walikuwa asilimia 3.6 kwa wagonjwa Weupe na asilimia 11.7 kwa wagonjwa Weusi. Maana yake kwa msomaji ni hii: mgonjwa anayehema akisoma 93 asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ya tarakimu hiyo, na kushuka kutoka 98 hadi 94 kwa siku moja kuna uzito zaidi kuliko tarakimu yoyote iliyosimama peke yake.

Swali: Mimi ni mkimbiaji wa kilomita 10. Wenzangu wananishauri nitumie makopo ya oksijeni baada ya mazoezi, maji yaliyoongezwa oksijeni, na barakoa ya kubana pumzi ili nifanane na wanaofanya mazoezi milimani. Kipi kati ya hivi kinafaa?

Jibu: Okoa fedha zako kwa viatu na chakula bora. Ukiwa na afya njema na ukiwa karibu na usawa wa bahari, himoglobini yako hujaa takriban asilimia 97 hata ukiwa umechoka hoi. Ni baadhi tu ya wanariadha wa kiwango cha juu kabisa ambao damu yao hupita mapafuni haraka mno kiasi cha kushindwa kujaa. Kwa wengi wetu kinachoweka mpaka si hewa inayoingia kifuani, bali ni damu ambayo moyo unaweza kuisukuma kwa dakika na uwezo wa misuli kuitumia oksijeni iliyoletwa. Mtu aliyekaa hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na moyo wake husukuma lita 5 hivi za damu. Moyo wa mkimbiaji aliyeiva huweza kusukuma lita 30 au zaidi. Uwezo huo hujengwa kwa miezi ya mazoezi, kwa sababu vyumba vya moyo hupanuka, mishipa midogo huongezeka na seli za misuli hupata vinu vingi zaidi vya kuchomea nishati. Hakuna kopo linaloleta hayo.

Kuvuta oksijeni tupu wakati unakimbia kweli huongeza nguvu kiasi, kama vipimo vya maabara vinavyoonyesha, lakini mwili hauna ghala la kuihifadhi. Ukiondoa barakoa, baada ya dakika moja au mbili umerudi ulikokuwa. Kuhusu maji, pumzi moja ya kawaida ya nusu lita ina zaidi ya mililita 100 za oksijeni, ilhali lita nzima ya maji ya kawaida haina ila mililita chache zilizoyeyuka ndani yake. Hata yale yaliyoshindiliwa gesi huanza kuipoteza chupa inapofunguliwa, na tumbo halikuumbwa kupumua. Barakoa ya kubana pumzi nayo huifanyisha kazi misuli ya kifua tu; haibadilishi shinikizo la hewa, na shinikizo ndilo siri ya milima.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Juu mlimani hewa ina oksijeni asilimia 21 ileile ya pwani. Kinachopungua ni shinikizo linaloisukuma iingie damuni: kwenye mita 5,500 ni nusu ya lile la usawa wa bahari, na kwenye kilele cha Everest, mita 8,849, ni theluthi moja hivi. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 katika Jiji la Mexico, mita 2,240, ililionyesha hilo bila ubishi. Bob Beamon aliruka mita 8.90, na wakimbiaji wa mbio fupi walivunja rekodi, kwa kuwa hewa nyepesi haiwazuii na mbio zao hazingoji oksijeni. Lakini katika mbio za mita 10,000 Naftali Temu aliibuka mshindi kwa dakika 29 na sekunde 27.4, wakati rekodi ya dunia siku hizo ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4. Temu hakuwa mzembe. Oksijeni haikutosha kwa mtu yeyote kukimbia kwa kasi ile.

Anayekaa juu kwa wiki tatu au nne, kwa mita 2,000 hadi 2,500, figo zake hutoa homoni ya erithropoetini kwa wingi zaidi, na uboho hutengeneza chembe nyekundu zaidi. Namna seli zinavyotambua upungufu huo wa oksijeni ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tatizo ni kwamba huko juu huwezi kukimbia kwa kasi yako ya kawaida, ndiyo maana makocha wengi hupenda mwanariadha alale juu na ashuke kufanya mazoezi makali chini. Pima madini ya chuma kabla ya kwenda, kwani bila chuma uboho hauna cha kufanyia kazi. Usijidunge homoni hiyo: imepigwa marufuku michezoni, na damu iliyozidi uzito huganda kwenye mishipa ya moyo na ya ubongo. Na ukipanda zaidi ya mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku mahali pa kulala. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku.

Swali: Mjukuu wangu alizaliwa njiti wa wiki 28, yuko kwenye mashine na anapewa oksijeni. Nimesikia oksijeni hupofusha watoto. Mama yake halali kwa hofu.

Jibu: Hofu hiyo ina historia ya kweli. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto njiti katika nchi zilizokuwa na vifaa walipewa oksijeni kwa wingi kwa nia njema, na takriban 10,000 kati yao walipofuka. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Melbourne, Kate Campbell, alionyesha kuwa oksijeni ilihusika, na utafiti mkubwa wa Marekani ukalithibitisha muda mfupi baadaye. Mishipa ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bado haijakamilika kwa mtoto njiti: oksijeni nyingi huisimamisha kukua, kisha huja kuchipua ovyo na kuivuta retina kutoka mahali pake. Baada ya hapo hospitali zikabana oksijeni kupita kiasi, na watoto wakafa. Hata katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, njiti waliowekwa kati ya asilimia 85 na 89 walikufa zaidi kuliko waliowekwa kati ya 91 na 95.

Kwa hiyo mwambie mkweo au binti yako, bibi, kwamba mtoto anaihitaji oksijeni hiyo na asiombe iondolewe. Aulize mambo mawili: kengele za kipimo zimewekwa kulia kwenye viwango gani, cha chini na cha juu, na ni lini mtaalamu wa macho atamwona mtoto. Kwa njiti wa wiki 28 uchunguzi wa kwanza hufanyika akiwa na umri wa wiki nne hivi, na tarehe hiyo isipitwe hata kama ameruhusiwa kwenda nyumbani na anaonekana mnene na mzima. Ukigunduliwa mapema, ugonjwa huo hutibiwa kwa leza au sindano ya jicho.

Swali: Kaka yangu ana saratani, na ameshauriwa alipie chemba ya oksijeni kwa kuwa saratani haiwezi kuishi penye oksijeni. Je, aache dawa za hospitali?

Jibu: Asiache. Kauli hiyo ni upotoshaji wa kazi ya Otto Warburg, mshindi wa Nobel wa mwaka 1931, aliyeona kwamba seli za saratani huchachusha sukari hata oksijeni ikiwepo. Tazama maneno hayo: oksijeni ikiwepo. Hakuna ushahidi kwamba chemba huponya saratani.

Chemba yenyewe ni tiba halisi kwa magonjwa machache. Mgonjwa huvuta oksijeni tupu chini ya shinikizo la mara mbili hadi tatu ya kawaida, na oksijeni huyeyuka moja kwa moja kwenye maji ya damu. Huwasaidia wazamiaji waliopanda juu haraka mno, baadhi ya wenye vidonda vya kisukari miguuni, na wale ambao mifupa au kibofu chao kimeharibiwa na mionzi. Huwafaa pia baadhi ya waliovuta kabonimonoksaidi, sumu ya moshi na ya mkaa uwakao chumbani: nusu ya sumu hiyo hutoka damuni kwa saa nne au tano mtu akivuta hewa ya kawaida, kwa dakika 80 hivi akivuta oksijeni tupu, na kwa dakika 20 na ushei ndani ya chemba. Ikiwa kaka yako alipigwa mionzi na akabaki na kidonda kisichopona, daktari wake wa saratani anaweza kweli kumwandikia chemba. Kabla ya kuingia lazima aseme kama aliwahi kupasuka pafu, kama ana degedege, na ni dawa zipi anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za saratani, bleomisini ikiwemo, zikichanganyika na oksijeni nyingi huweza kuyaharibu mapafu.